Pikipiki Iliyoogopa Matope

Vumbi la Makambako halibishi hodi. Linakuja na upepo, linatua kwenye vikombe vya chai, kwenye mikate iliyopangwa vibandani, kwenye kope za watu wanaongoja magari pale njia panda. Asubuhi ile lilikuwa limetua juu ya pikipiki, mbele ya duka, jua likilipiga kwa ubavu, na chini ya vumbi rangi nyekundu ikachungulia kama uji wa ulezi chini ya utando. Ukatoa leso mfukoni, Methusela. Ukapangusa tanki, ukapangusa taa, ukachuchumaa ukapangusa mpaka meno ya tairi.

Mimi nilikuwa nyuma yako, vumbi lilelile usoni. Sikukuomba leso. Nilikuwa na furaha, na niseme hivyo mapema nisije nikaonekana mwanamke aliyezaliwa amenuna. Nilifurahi kwa sababu uligeuka mbele ya mwenye duka, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Mama Peace, hii ndiyo ya kukupeleka kwa mama."

Ndivyo ulivyosema. Usikatae.

Mama yangu yuko ng'ambo ya Mlangali, huko Ludewa, mahali ambapo basi linakushusha juu barabarani na kukuachia bonde zima uteremke mwenyewe. Usichana wangu wote nililiteremka nikiimba, ndoo kichwani. Sasa goti langu la kulia limekufa, tangu siku ile nilipoanguka na kiroba cha viazi shambani kwako. Kuteremka naweza kwa kujiburuza. Kupanda siwezi. Na vijana wa bodaboda wa Mlangali, ukiwatajia kule chini wakati wa unyevu, wanacheka, wanakuuliza, mama, unataka tufe wote? Kwa hiyo nilikuwa sijamwona mama kwa muda ambao naona aibu kuutaja.

Ndiyo maana nilifurahi. Mwenye duka alikuwa akiizunguka ile pikipiki akiisifu, hii si ya bodaboda mzee, hii ni ya lami na ya porini, tazama ilivyo ndefu, tazama tumbo lilivyo juu, shokapu laini, tairi zina meno. Akaipiga kofi kwenye kiti kama anayeuza ndama. Hii, akasema, haiogopi matope.

Haiogopi matope. Nililibeba neno hilo kifuani, nikalipapasa njia nzima.

Nilidhani tutaipanda. Nilidhani tutarudi nayo Njombe kwa lami, upepo masikioni, mashamba ya miti yakipita kushoto na kulia, na mimi nimekushika kiuno kama zamani ulipokuwa na baiskeli ya baba yako. Wewe ukaenda kuongea na dereva wa lori lililokuwa limeshusha kabichi. Eti tairi mpya zisianze kulika kwa safari isiyo na maana. Basi pikipiki ikapanda lori. Mimi nikakaa mbele na dereva, na wewe ukasimama nyuma juu ya majani ya kabichi, umekumbatia usukani wake, koti umelivua umelifunika tanki, na baridi ya mwezi wa sita unaijua. Tulipofika nyumbani midomo yako ilikuwa myeupe, huwezi hata kusema asante. Nikakuchemshia maji ya kuoga. Nikakucheka kidogo, nawe ukacheka, na ilikuwa ni jioni nzuri.

Kesho yake ukatoa kochi langu sebuleni. Lile la karibu na jiko la mkaa, ninalolikalia kukanda goti. Ukalipeleka stoo, na mahali pake ukaisimamisha pikipiki, imeegemea stendi yake, imelaza usukani upande mmoja kama mgeni anayesikiliza. Nailoni ya kiti hukuibandua. Na kile kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, cheupe, chenye waridi pembeni, kilichokuwa juu ya televisheni, nikakikuta kimefunika taa yake.

Wageni wakaja. Kamwene, kamwene, hongereni jamani. Waliingia wakinyata kama watu wanaoingia msibani, wakaitazama, wakarudisha mikono mgongoni wasije wakaigusa. Ukawapa chai. Ukawaeleza injini. Kila aliyeuliza utaipanda lini, ulimwonyesha dirisha, na nje ya dirisha ulikuwepo mpichi wetu, mtupu, matawi yake yamekaa kama vidole vya bibi kizee, ukungu umeufunga mpaka kiunoni.

Mapichi yakichanua, ulisema. Barabara ikikauka.

Ndipo mama akapiga simu.

Hana simu yake. Alipiga kwa simu ya Dionis, mtoto wa baba yangu mdogo, anayekaa naye uwanja mmoja, ambaye mkewe Jenifer ndiye anayempikia. Nilikuwa jikoni nachambua majani ya maboga. Nikasikia sauti yake, nyembamba, haina haraka, na hakusalimia. Akasema, "Mekti, njoo. Majina yananikimbia. Njoo nikuone kabla lako halijakimbia."

Sasa nikueleze kitu, Methusela, maana kwa miaka yote hii sidhani kama ulikijua. Kanisani kwenu mimi ni Mama Peace. Sokoni Mama Peace. Kwako, kitandani na mezani, Mama Peace. Peace mwenyewe ana maisha yake Makambako, ananiita mama, na ni haki yake. Mektilda liko kwenye kitambulisho. Lakini Mekti, hilo la kuitwa kutoka ng'ambo ya kijito, la kuitiwa chakula, la kukaripiwa nalo na kubembelezwa nalo, hilo limebaki kwenye mdomo mmoja tu duniani. Baba alikuwa nalo, akafa nalo. Dada zangu wakafa nalo. Mdomo ule ukilisahau, huyo msichana hayupo tena popote, na mimi nitabaki kuwa mama wa watu na mke wa mtu. Sikutaka kingine. Nilitaka nikae mbele yake, aniangalie usoni, aniite mara moja nikiwa nasikia kwa masikio yangu na si kwa simu.

Nilikuja sebuleni na mikono ya kijani. Nikakwambia yote. Ulisikiliza, siwezi kusema hukusikiliza. Ukainuka, ukaenda dirishani, ukafuta kioo kwa kiganja.

"Barabara haijakauka," ukasema.

Jamani. Nilikutazama wewe, nikaitazama ile pikipiki na tairi zake zenye meno, na tumbo lake lililo juu, na kitambaa changu kichwani mwake. Nikakukumbusha maneno ya mwenye duka. Ukasema wale ni wafanyabiashara, wanasema lolote. Ukasema udongo wa kule ni mwekundu, ukiganda kwenye injini hautoki, rangi inababuka, madigadi yanapasuka. Ukasema mama ni mzima, anaongea kwa simu, tatizo liko wapi. Ukasema tusubiri kidogo tu.

Kidogo. Wazazi wako walikupa jina la Methusela, na kweli unaishi kama mtu aliyeahidiwa ile miaka yote ya kwenye Biblia.

Kipupwe kikaja kwa nguvu zake zote. Asubuhi majani ya viazi yaliamka meupe, yameungua kwa sakitu. Mbwa walilala kwenye majivu. Ukungu ulishuka milimani, ukaingia mitaani, ukanyonya sauti za watu, ukageuka manyunyu, manyunyu yakawa utelezi, na utelezi ukawa neno lako la kila siku. Ulikuwa unakwenda mpaka stendi kuwauliza madereva wa Ludewa hali ya njia, ukarudi na habari mbaya huku uso wako umetulia. Nilianza kuuchukia huo utulivu. Nilianza kudhani unaombea ukungu.

Na kila jioni uliwasha. Ndani. Ulifungua mlango na madirisha, baridi yote ya Njombe ikaingia, ukapiga kiki, nayo ikanguruma hapohapo sebuleni, vikombe vikilia kabatini, moshi ukifika mpaka kwenye mboga. Ulisema injini isipowashwa inalala. Ulisimama umeishika usukani, umefumba macho, na mwili wako ukatikisika kidogo, kama mtu aliye safarini. Sijui ulikuwa umefika wapi. Mimi nilikuwa jikoni na goti langu, nikila ugali wenye harufu ya petroli.

Nakujua. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba nakujua na hasira inakosa pa kushika. Ulizaliwa nyuma ya kaka zako, ukavaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu ya watu wengine. Sare ya shule ya kaka yako Ezekieli, koti la Ezekieli, baiskeli ya baba, hata shuka letu la ndoa lilikuwa limelaliwa na wengine kabla yetu. Ulipouza miti ya bondeni ukanunua pikipiki, ndipo ulipogusa kwa mara ya kwanza kitu ambacho hakijaguswa. Nilikuonea huruma. Nilikufunikia ile pikipiki mwenyewe siku moja ya mvua, paa lilipovuja. Lakini huruma yangu ilikuwa na mwisho, na wewe hukuuliza mwisho wake uko wapi.

Nikakwambia, basi, iombewe haraka, twende. Maana hata hilo ulikuwa umeliweka, kwamba chombo kipya hakiingii barabarani kabla hakijawekewa mikono. Sawa, ni desturi, siipingi. Mwinjilisti yupo kila Jumapili, mtu wa Mungu, maombi yake yanafika. Hukutaka mwinjilisti. Ulimtaka mchungaji mwenyewe, na joho lake, na mchungaji ana mitaa mingi, na zamu yake kwetu ilikuwa imeangukia Jumapili ya mavuno. Na mavuno mwaka huu yakasogezwa mbele kwa sababu ya baridi. Ukaniambia hivyo ukinawa mikono, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Dionis akapiga. Mama alikuwa ametoka kwenda kisimani, kisima alichokichota tangu aolewe, akakutwa kwa majirani amekaa kwenye kigogo anasubiri aonyeshwe njia. Akapiga tena. Mama alikuwa amesimama jikoni ameshika chumvi, anamuuliza Jenifer hiki kinaitwaje. Alipiga tena, na safari hii alisita, nikamwambia sema tu kaka. Akasema mama anamwita Jenifer kwa majina ya marehemu dada zangu, leo huyu kesho yule. Nikamuuliza, na mimi? Akasema, wewe bado anakutaja. Kila akiona ukungu unapanda anauliza kama barabara imekauka, maana Mekti anakuja.

Siku hiyo nilifunga begi. Niliweka sabuni, sukari, na lile blanketi zito la mistari nililolinunua kwa ajili yake. Sikukuaga. Nilikwenda stendi na goti langu, polepole, nikajiambia nikifika juu ya bonde nitateremka kwa makalio kama mtoto, na kupanda atajua Mungu. Nilikuwa nimeshika mlango wa basi la Ludewa uliponikuta. Ulikuja kwa miguu. Hebu fikiria, mwanaume mwenye pikipiki mpya, unahema, matope yamefika magotini.

Hukupaza sauti, wewe si mtu wa kupaza sauti. Ulisema, "Watu watasema nini, Mama Peace? Methusela ana pikipiki ndani, na mkewe anagombania basi?"

Ukachukua begi. Ukatangulia. Na mimi nikafuata begi langu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, kwa sababu goti lilikuwa linawaka, kwa sababu kulikuwa na blanketi la mama ndani. Konda akaupiga mlango wa basi, likaondoka na nafasi yangu. Njiani uliniambia kwamba mpichi umeanza kuvimba vitumba. Nilikusikia. Nilitamani shoka.

Ukachanua, naam. Siku moja nilifungua dirisha la jikoni na kuukuta umejaa, waridi mpauko toka shina hadi ncha, bila jani hata moja, na nyuki wametoka sijui wapi na baridi yote ile. Ukungu ulikuwa umepanda juu na kukaa huko. Jua lilikuwa limelala uani kwa mara ya kwanza, pana, na kuku wamelikalia. Njombe nzima ilikuwa hivyo, kila uwanja na mti wake wa waridi, na wanawake wameanika mablanketi. Wengine huimba wakiona hivyo. Mimi nilikwenda kukuamsha, nikasema mapichi yamechanua.

Ukasubiri Jumapili ya mavuno. Sawa. Uliisukuma kwa mkono mpaka kanisani, hukuiwasha, umevaa suti. Ikawekwa mbele pamoja na mahindi na viazi na mbuzi wa Mzee Amon, mchungaji akaiwekea mikono, akaomba iwe chombo cha kuwafikia wahitaji kwa wakati. Kwa wakati, Methusela. Ulisema amina kuliko watu wote. Mimi kinywa changu kilikataa.

Jumatatu tukaondoka. Ulibandua nailoni ya kiti taratibu, ukaikunja, ukaiweka kabatini. Kofia ngumu ilikuwa moja, ukaivaa wewe. Mimi nilifunga kilemba, nikafunga blanketi la mama mgongoni, nikapanda.

Na pikipiki yenyewe ni nzuri. Nisiwe mwongo. Tuliacha lami, tukashika udongo, na haikutetemeka kama zile nyingine. Ilielea kwenye makorongo, ilipanda milima bila kulalamika, na milima ya Ludewa unaijua, mmoja hujamaliza mwingine umesimama unakungoja. Vumbi lilitufuata jekundu, refu, likageuka dhahabu jua lilipolikuta kwenye kona. Kuna mahali nilicheka peke yangu. Nilisikia mgongo wako ukicheka pia. Nikafikiri, labda bado. Mlangali tukaipita mashamba yakiwa yamevunwa, mabua ya mahindi yamelala, na watoto wakatukimbilia wakipiga kelele. Nikafikiri tena, labda bado.

Kule chini kabisa, kabla ya kijito cha kwetu, kuna mahali ambapo hapakauki mwaka mzima. Miti imefunga, jua halifiki, chemchemi inavuja chini kwa chini. Ni matope mekundu, mazito, ya kumeza mguu mpaka kwenye goti, na hakuna njia ya pembeni. Nilikuwa nimekwisha kusahau. Wewe ulikuwa hupajui. Ulipoona ulitaka kusimama, ukachelewa, tukaingia.

Pikipiki ikapita. Meno yakashika, tumbo halikugusa, ikanguruma kidogo ikatoka upande wa pili, haikuyumba hata. Kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Ukasimama juu ya nyasi, ukaangalia nyuma, ukaangalia matope kwenye madigadi, na sikio lako chini ya ile kofia likabadilika rangi.

Nikakusogelea sikioni. Nikasema, "Kumbe."

Ukatia gia.

Mama alikuwa nje juani, amekaa kwenye mkeka, anachagua maharage. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso. Vidole vyake vilikuwa vinatenga mabovu na mazima bila kuangalia, haraka, hivyohivyo. Alikuwa amepungua. Lakini kitambaa kichwani amefunga vizuri, na macho yake yalikuwa maangavu, na alipotuona alitabasamu, Mungu wangu, alitabasamu kwa uso mzima. Nilishuka na goti langu. Nikapiga magoti mbele yake, hilo bovu na hilo zima, nikamshika miguu. Nikasema shikamoo mama.

"Marahaba, mama," akasema. "Karibuni wageni. Mmetoka wapi na vumbi lote hili?"

Nikasema, mama, ni mimi. Ni Mekti.

Akacheka kwa adabu, vile anavyocheka mtu aliyetaniwa na asiyemjua. Akanipigapiga begani. Jenifer alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akaangalia chini, ndipo nikajua kwamba hata Dionis alinificha.

"Mekti ni mwanangu," mama akasema. "Yuko Njombe. Mkwe wangu amenunua pikipiki. Wanasubiri barabara ikauke."

Alisema hivyo akikutazama wewe, Methusela, machoni, kwa ukarimu. Ulikuwa umevua kofia na kuishika kwa mikono miwili kwenye tumbo. Mama akaitazama pikipiki yako yenye matope akaisifu, chombo kizuri, akasema, kinafaa kwa njia zetu. Akakuuliza kama kwa bahati unamfahamu mkwe wake.

Nililisikia jina langu. Lilikuwa lipo, zima, tamu, kinywani mwake, na lilinipita likaenda kumtafuta mwanamke mwingine aliyebaki Njombe kwenye ukungu. Nilimwonea wivu mwanamke huyo. Alikuwa anasubiriwa.

Tulikaa mchana wote. Nilichagua naye maharage. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamtajia, akafurahi kwamba tumekuwa ndugu. Aliniuliza nina watoto, nikamwambia yuko Peace, akasema jina zuri, mjukuu wangu naye anaitwa hivyo. Nilimpa blanketi. Alilifungua, akalipapasa mistari kwa kiganja, akalipeleka shavuni, na nikamwomba ajifunike, upepo umeanza. Akalikunja. Alilikunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe, akalikalia ili lisiruke.

Akasema atamwekea Mekti, maana huko kwao kuna baridi.

Hapo ndipo ulipoinuka na kwenda nyuma ya nyumba. Dionis alikufuata. Mimi sikukufuata. Kama ulilia, ulilia peke yako, na sikutaka kujua.

Jua lilipoegemea mlima tukaaga. Mama alinisogeza, akaniangalia uso, akaguna. Akasema mgeni hatoki kwake hivi. Akachovya pembe ya kitenge chake kwenye bakuli la maji, akanishika kidevu, akanifuta vumbi usoni. Alianzia katikati ya paji la uso, akaenda nje, kulia kisha kushoto, akamalizia nyuma ya sikio kwa kidole gumba, na akanisukuma kichwa kidogo alipomaliza, nenda. Ndivyo alivyonifuta kila asubuhi ya shule. Mkono haukuwa umesahau kitu. Nilisimama nimefumba macho, maji yakinikauka usoni, nikingoja kinywa kiufuate mkono.

"Mkipita Njombe," akasema, "mwambieni Mekti asijihangaishe na matope. Aje barabara ikikauka."

Nikasema tutamwambia.

Tulipanda bonde. Pale penye matope hukupunguza hata mwendo. Tulitokea juu barabarani jua likiwa linazama, na vumbi la magari ya jioni lilikuwa limesimama hewani, jekundu, likishuka polepole juu ya nyasi, juu ya tanki, juu yetu. Ukasimamisha pikipiki. Ukatoa leso. Nikajua unakwenda kupangusa taa, nikageukia mabonde nisione.

Hukuwa unapangusa taa. Ulikuwa umesimama mbele yangu, leso ileile imenyooshwa, unaileta usoni kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu unioe. Ulisema neno, nadhani ulisema Mekti. Ulilisema vibaya, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake.

Nikaushika mkono wako, nikaurudisha kifuani kwako. Nikakishusha kilemba changu, nikakikaza mpaka kwenye nyusi, pale mama alipopafuta pasipate vumbi. Kisha nikapanda nyuma yako, nikakwambia washa, twende.